Makinda wa njiwa Malindi: waanzie kaskazini au kusini, wakiwa kundi au mmoja mmoja?

Mwenye njiwa manga wa kawaida hapa Malindi hana shida kubwa ya kupoteza. Ndege wake hulala darini, hushuka uani kula, na safari yao ndefu kuliko zote ni kutoka mtaa wa Barani hadi sokoni na kurudi. Shida huanza siku anapopata jozi ya njiwa wa mashindano, wale wa asili ya Ubelgiji, akazalisha, akataka makinda wajue kurudi kutoka mbali. Anawapakia kwenye tenga, anawaachia Kilifi, anarudi mbio nyumbani kuangalia juu. Jua likizama, nusu ya tenga haijaonekana, na lawama zote zinakwenda kwa kipanga.

Kipanga ana sehemu yake, nitaieleza. Lakini kwa niliyoyaona na kusikia kwa wafugaji wenzangu, kinda mara nyingi amekwisha kupotea kabla hajafunguliwa tenga: alichukuliwa mapema mno, au upande usiofaa, au siku isiyofaa. Mambo hayo matatu yako mikononi mwa mwenye banda. Yako pia maamuzi madogo, nayo nitayapitia, lakini upande wa kuanzia ndio nitakaokaa nao zaidi kwa sababu sisi wa Malindi tuna pande mbili zilizo tofauti kabisa.

Kumtoa nje mapema, au kungoja mbawa zikomae

Yai la njiwa huanguliwa baada ya siku 17 au 18, na kinda akifika wiki nne hivi anaweza kudonoa mwenyewe. Hapo wafugaji hugawanyika. Wako wanaomtenga na wazazi siku hiyo hiyo, wakamweka kwenye kizimba cha waya juu ya paa kwa saa chache kila jioni, atazame mnazi wa jirani, mnara wa msikiti, paa za mabati, upande linakotua jua. Wako wanaomwonea huruma, wakamfungia ndani hadi wiki ya saba au ya nane, mpaka mbawa ziwe na nguvu, ndipo wafungue mlango.

Njia ya pili inaonekana ya upole, na ndiyo inayopoteza. Kinda mwenye mbawa kamili ambaye hajawahi kuliona banda lake kwa nje, akishtushwa na pikipiki au na kunguru, hupaa moja kwa moja. Akiwa juu haoni anachokijua hata kimoja, na upepo unamchukua. Yule wa wiki nne na nusu hawezi kosa kubwa kiasi hicho: ataruka hadi ukingo wa paa, atakaa, ataogopa, atarudi kwenye ubao akisikia kopo la mtama likitikiswa. Kila kosa lake linaishia mita chache kutoka nyumbani. Mimi ningechagua njia hii kila mara, na ningeongeza sharti moja: asitoke akiwa ameshiba. Kinda aliyeshiba hana sababu ya kuingia.

Saa ya kumtoa ni saa kumi alasiri hivi. Ukimtoa asubuhi ana siku nzima ya kutangatanga. Ukingoja hadi magharibi, akishtuka atalala mtini, na usiku wa Malindi una paka, bundi na kanu. Kunguru nao wako mchana kutwa na hupenda kumsumbua kinda anayeyumba, kwa hiyo siku hizo za mwanzo usimwache juu ya paa peke yake. Kaa naye.

Kufuata kalenda, au kumfuata ndege

Swali linaloulizwa sana ni hili: aende barabarani akiwa na wiki ngapi? Wapo wanaojibu kwa nambari, nane au kumi. Nambari inasaidia kukumbuka, lakini haimwambii mtu kama kundi lake liko tayari. Wapo wanaongoja dalili, nami niko nao. Dalili yenyewe ni kuranda: kundi linaacha kuzunguka juu ya banda, linaondoka hadi halionekani, linakaa nusu saa au zaidi, kisha linarudi, mara kutoka upande wa baharini, mara kutoka upande wa Ganda. Makinda wanaoranda hivyo wamejipeleka wenyewe mafunzoni. Kazi ya tenga ni kuongeza tu.

Wasioranda wana sababu. Ama wamekula sana, ama wana ugonjwa, ama kuna kipanga anayewangoja karibu na banda, nao wanaogopa kuondoka juu ya paa. Tafuta sababu kwanza. Kuwapeleka barabarani ili eti wachangamke ni kuwatupa.

Kusini au kaskazini

Kwa mstari ulionyooka, Mombasa iko kama kilomita 105 kusini-magharibi ya Malindi, na Garsen iko karibu kilomita hizo hizo upande wa kaskazini. Masafa ni sawa. Nchi iliyo katikati si sawa hata kidogo.

Njia ya kusini ina raha kwa mwenye njiwa. Lami ni nzuri, matatu ni nyingi tangu alfajiri, na karibu kila mtu ana ndugu Kilifi au Mtwapa wa kumfungulia tenga na kumpigia simu. Vituo vyake vinapangika vizuri: Mayungu kilomita 10 hivi, njia panda ya Gede kama 15, Kilifi kama 54, Mtwapa kama 90. Kwa urahisi huo wengi huanza huku bila kufikiri.

Sasa tazama anachokiona njiwa. Akitoka Kilifi kurudi Malindi, mkono wake wa kushoto uko Msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba zipatazo 420, msitu mkubwa kuliko yote iliyosalia katika pwani ya Afrika Mashariki. Ndani yake kuna ndege wawindaji wa msituni, wale wanaotoka ghafla mtini, wanaomkamata mawindo kabla hajajua. Watafiti wa Oxford walionyesha mwaka 2004 kwamba njiwa waliozoea eneo hupenda kufuata barabara, hata kukata kona penye makutano. Barabara yetu ya Mombasa inapita kandokando ya msitu huo. Yaani njia atakayojifunza kinda, na atakayoifuata maisha yake, ndiyo inayompitisha mlangoni mwa adui. Ongeza upepo wa kusi, unaotoka kusini na kusini-mashariki: kwa njiwa anayeelekea Malindi kutoka Kilifi unampiga ubavu wa kulia na kumsukuma kushoto, juu ya miti.

Kaskazini ni nchi nyingine. Ukishavuka daraja la Sabaki unakuta Mambrui, kama kilomita 11 kutoka Malindi, kisha Gongoni kama 20, na mashamba ya chumvi yanayoendelea hadi Marereni. Ardhi ni tambarare, vichaka vifupi, na anga lote liko wazi. Njiwa anayerudi ana bahari kushoto kwake, na mbele yake ana alama ambayo sidhani mji mwingine wa pwani yetu una mfano wake: mdomo wa Sabaki, ambapo maji mekundu ya mto yanaingia baharini na kuitia rangi hadi mbali. Wakati mto umejaa, hata binadamu aliye ndani ya ndege huiona rangi hiyo kabla hajauona mji. Kinda akishaifahamu, amebakiza safari ya dakika chache.

Mahali pa wazi pana hatari yake. Kozi huwinda kutoka juu, na kwenye mashamba ya chumvi hakuna mti wa kujificha. Tofauti ni kwamba kundi humwona kozi mapema na hujikusanya, ilhali kipanga wa msituni huonekana wakati amekwisha kushika. Ubaya mwingine ni usafiri. Hadi Gongoni bodaboda inatosha, lakini baada ya Marereni magari hupungua, jua ni kali, na njiwa anayetua kwa uchovu hapati maji kwa urahisi. Ukikaribia Garsen unaingia eneo la delta ya Tana, na penye maji na ndege wengi hivyo wawindaji nao ni wengi.

Kwa hiyo sichagui upande mmoja tu. Nachagua mpangilio. Makinda waanze kaskazini: karibu na daraja, kisha Mambrui, kisha Gongoni, kila kituo kirudiwe mpaka warudi bila kuchelewa. Njiwa mwenye afya huenda kilomita moja kwa dakika au zaidi, kwa hiyo kundi la Mambrui, ukiliongezea muda wa kuzunguka kabla ya kushika njia, linatakiwa liwe limefika ndani ya robo saa hivi. Likichukua saa nzima, usilipeleke Gongoni kesho. Wakishaijua Gongoni, wana misuli, wamezoea tenga, na wamejifunza kwamba kufunguliwa mahali pageni maana yake ni kwenda nyumbani. Hapo wahamishie kusini: Gede mara chache, halafu Kilifi moja kwa moja, bila kuwazoeza kuzururazurura katika vituo vidogo pembeni mwa msitu.

Atapinga mtu: mashindano yakitoka Mombasa, kuna faida gani ya kumfunza kinda njia ya Gongoni? Ningekubali hoja hiyo kwa njiwa wa mwaka wa pili. Kwa kinda, kituo cha kwanza hakimfundishi ramani ya mashindano. Kinamfundisha kutulia. Na kinda anatulia vizuri zaidi mahali ambapo makosa yake hayamgharimu uhai.

Upande wa bara, njia ya Kakoneni na Lango Baya kuelekea Tsavo, niuachie wenye njiwa wazima. Hauna bahari ya kumwongoza, na sioni faida ya kumpeleka kinda huko.

Msomaji wa Lamu atauliza kuhusu kisiwa. Kwake hakuna uchaguzi kama wetu, kila safari ina maji katikati, na njiwa hupenda kusita mbele ya maji. Aanze Mokowe, mahali ambapo ndege akipaa anakiona kisiwa, na arudie hapo mara nyingi kuliko sisi tunavyorudia Mambrui. Bahari haina pa kutua. Mwaka 1997 zaidi ya njiwa 60,000 waliachiwa Nantes, Ufaransa, warudi Uingereza kwa kuvuka mkono wa bahari, na maelfu kwa maelfu hawakuonekana tena. Hadi leo sababu inajadiliwa, na mwanajiolojia Jon Hagstrum alitoa hoja kwamba mshindo wa ndege ya Concorde uliwavurugia sauti nzito wanazozitegemea kujua njia. Hao walikuwa njiwa wazima, wenye uzoefu.

Kusi au kaskazi, asubuhi au alasiri

Kusi hushika kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, na mwezi wa Mei ndio wenye mvua nyingi kwetu. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, anga likiwa kavu. Ukiweza kupanga uzalishaji, panga makinda wawe tayari Januari na Februari. Upepo wa kaskazi unawasukuma wanaotoka Mambrui na Gongoni, mawingu ni machache, na mvua haipo. Kinachobaki ni joto, nalo lina dawa: waachie mapema.

Makinda waliokomaa katikati ya kusi ningewaacha warande tu nyumbani hadi mvua zipungue. Mwenye haraka atasema wanapoteza wakati. Wakati huo utawarudishia nguvu. Njiwa aliyepotea Mei hakurudishii kitu.

Kuhusu saa ya kuachia barabarani, si ile ya kumtoa paani mara ya kwanza, ninaona saa moja asubuhi inaishinda alasiri kwa mbali. Njiwa hutumia jua kama dira, na dira hiyo inahitaji jua lililoinama. Sisi tuko karibu sana na ikweta. Katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita linakuwa utosini kabisa, halimwambii mtu mashariki wala magharibi. Alasiri jua linainama tena, lakini kinda akikosea hana muda wa kujirekebisha kabla ya giza. Asubuhi ana siku nzima mbele yake.

Mawingu ni jambo la kukataa bila mjadala. Mmarekani William Keeton wa Chuo Kikuu cha Cornell aliwabandika njiwa sumaku ndogo mgongoni, akatoa matokeo yake mwaka 1971. Njiwa wazoefu, jua likiwaka, walirudi kama kawaida. Siku ya mawingu sumaku iliwapoteza mwelekeo. Makinda wa safari ya kwanza walihitaji vyote viwili, jua na nguvu ya sumaku ya dunia. Ukimnyima kimoja, alichanganyikiwa. Kwa mfugaji wa Malindi maana yake ni nyepesi: anga likifunga asubuhi, tenga lirudi ndani, hata kama umeshamlipa mwenye bodaboda.

Kundi, mmoja mmoja, au pamoja na wakubwa

Njiwa wanaosafiri pamoja hurudi vizuri zaidi. Watafiti waliowavisha njiwa vifaa vya GPS, wakalinganisha makundi ya sita na ndege hao hao wakiwa peke yao, walikuta kundi linapumzika kidogo njiani, linanyoosha njia, na linafika mapema. Kwa kinda kuna faida ya ziada: mwindaji akitokea, macho ni mengi.

Wanaopenda kuachia mmoja mmoja wana hoja ya kweli. Kinda aliyefuata wenzake siku zote hajui kama anaijua njia, na siku atakapotengana nao atapotea. Lakini wengi hufanya hivyo mapema, na kinda mmoja juu ya Gede ni chakula. Ningefanya hivi: vituo vyote vya kaskazini kwa kundi, halafu kundi ligawanywe mafungu ya watano au sita, kila fungu dakika kumi baada ya lililotangulia, na wawe wamekwisha kutoweka machoni kabla ya kufungua wengine. Wa mmoja mmoja aje mwisho, na asiachiwe mbali kuliko Mambrui.

Kuwachanganya na njiwa wakubwa ndiko kunakodanganya zaidi. Siku ya kwanza wote wanarudi, mwenyewe anafurahi. Kilichotokea ni kwamba makinda walifuata mkia wa mkubwa. Baadaye, masafa yakirefuka, mkubwa anaongeza mwendo na kuwaacha katikati ya safari ambayo hawakuwahi kuijifunza. Mkubwa mmoja mtulivu kwenye tenga, kuwatuliza wasihangaike njiani, sina neno naye. Abaki ndani wenzake wakifunguliwa.

Tenga, chakula na maradhi

Kuhusu usafiri sina mengi. Bodaboda yenye tenga lililofungwa vizuri, lenye hewa, na ndege wasiobanana, inatosha hadi Gongoni. Tenga juu ya paa la matatu hadi Kilifi linafaa alfajiri tu. Ukifika, waache watulie kidogo kabla ya kufungua, na usifungue chini ya nyaya za umeme.

Jioni ya kabla ya safari wape kidogo, mtama na mahindi, pojo pungufu. Maji wapewe daima. Njaa nyepesi inamwingiza kinda bandani mara anapotua, lakini njaa kali inamshusha shambani kwa watu, na huko ndiko anakonaswa.

Kabla ya kila tenga, mshike kila ndege mkononi. Kinyesi cha maji, mfupa wa kidari unaochoma kiganja, utando wa njano mdomoni, kichwa kinachopinda: yeyote mwenye moja ya haya abaki, na wenzake wasubiri siku kadhaa. Makinda huambukizana sana wakibanwa pamoja, na anayeondoka mgonjwa hana nguvu ya kurudi. Zungumza na daktari wa mifugo kuhusu chanjo ya kideri ya njiwa mapema, makinda wakiwa bado hawajatoka nje. Makinda wengi wanaosemekana kuliwa na mwewe, naamini, walikuwa wagonjwa kwanza.

Utakutana pia na ushauri wa Ulaya wa kutia banda giza saa kadhaa kila siku ili kinda asibadilishe manyoya ya bawa wakati wa mashindano. Wao wana sababu: mchana wao wa Juni huzidi saa 16. Wetu ni saa 12 hivi mwaka mzima. Usinunue mapazia.

Na kuhusu kipanga na kozi, usiwategee sumu wala mtego. Wanalindwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, na ukimwondoa mmoja eneo lake hukaliwa na mwingine. Badilisha saa na siku zako za kuachia, asijue ratiba yako. Hilo linasaidia kuliko mtego.

Asiporudi siku hiyo

Wengine huondoa matumaini jioni hiyo hiyo na kufunga banda. Acha kilango wazi asubuhi na mapema kwa siku kadhaa, maji yaonekane kwa juu, na njiwa wengine watoke wamwoneshe nyumbani. Wengi hurudi siku ya pili au ya tatu, wengine baada ya wiki, wamekonda na mkia umepungua. Pete ya mguuni yenye namba ya simu, anayovishwa akiwa na wiki moja hivi, humrudisha aliyeingia banda la mtu Watamu au Kilifi. Asiye na pete anakuwa wa aliyemwona.

Huyo aliyechelewa, usimrudishe tenga wiki hiyo kwa hasira ya kutaka kujua ana akili au hana. Mpe maji, mtama kidogo kidogo, na siku za kukaa paani tu na wenzake. Akianza tena kuranda na kundi, mwanzishe upya kwenye daraja la Sabaki.